Kipanga Aliyekula Kiwavi

Weee, usinipigie! Naandika nikiwa nimeificha simu ndani ya koti.

Niko msituni na baba wa mchumba wangu, kwenye kibanda chake cha kutazamia ndege. Si nilikwambia leo ananipima? Nimejipalia makaa mwenyewe!

Mchumba alinitonya kwamba mzee anampenda kipanga mdogo wa msituni. Nikakariri: kifua cha mistari, macho ya manjano, mkia mrefu. Ndege katua tu, mzee hajafungua mdomo, mimi huyoo: "Kipanga, baba!"

Mzee akanionyesha mdomo wa ndege.

Kumbe ndege anameza kiwavi. Kiwavi, ndugu yangu! Mwenye manyoya kama brashi!

Mzee akaninong'oneza: "Kipanga gani anakula hicho? Huyo ni kekeo. Anajifanya kipanga awatishe wenzake, kisha anataga kwenye viota vyao." Halafu akanitazama mimi, si ndege.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema nimebanwa na haja. Mzee akajibu: "Vumilia. Hapa mlango haufunguliwi mpaka ndege aruke mwenyewe."

Na haruki! Anajichambua manyoya kama bibi harusi!

Ngoja, mzee anaongea.

Amesema: "Ninachopenda mimi umekijua. Sasa niambie, binti yangu anapenda nini?"

Ndugu yangu. Anachopenda baba mtu nilimuuliza mchumba. Anachopenda yeye sijawahi kumuuliza.

Mzee anasubiri. Na ndege bado yupo.