Macho Yaliyoshuka Mbele ya Suti ya Baba

Ujerumani, 14 Machi 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Mama, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi afya ninayo. Nimesikia wanunuzi binafsi sasa wanafuata kahawa hadi huko Mapera, ingawa najua wewe huwaamini.

Asante kwa picha uliyopiga Mbinga mjini. Suti imekukaa vizuri, hata kama umenuna kana kwamba mpiga picha ni mlanguzi.

Hapa chuoni kuna mashine kubwa inayopiga picha za ubongo. Mtu hulala ndani, akaambiwa akazie macho alama ndogo iliyo katikati, huku picha za watu anaowafahamu zikipita pembeni. Azifuate kwa akili tu, macho yasicheze. Kamera ndogo huyachunga, na yakihama hata kidogo inaonyesha. Zamu yangu ilipofika niliwapa picha za nyumbani, na yako ikiwamo.

Kwa wengine wote macho yalitulia. Ilipopita yako, yakashuka chini. Wakairudia, yakashuka tena. Profesa akauliza kulikoni. Nikamjibu kwamba kwetu mtoto hamkodolei macho mzazi wake, ni heshima. Alifurahi mno, akasema jambo hilo lazima liingie kwenye ripoti.

Baba, nilimdanganya. Babu Romanus naye alipita, na unajua mbele ya Babu sithubutu hata kuinua kichwa. Macho hayakutikisika.

Ni ile suti. Uliishonesha kwa ajili ya misa yangu ya kwanza, na misa hiyo haitakuwapo. Niliacha seminari mwaka juzi. Kazi yangu sasa ni hapa, kwenye mashine hii, na yote niliyokuandikia tangu hapo kuhusu upadri yalikuwa uongo. Naona aibu, Baba, hata kalamu inanishinda. Profesa nimekwisha kumweleza ukweli, akafuta maneno yangu. Kwako ndiko nilikoogopa.

Nitakuja Julai. Yule fahali uliyemtenga usimchinje, na kwaya waambie waache mazoezi. Sikuombi uje kunipokea stendi. Ila ukija, nitainama kukuamkia kama siku zote, na nikikawia kuinua macho, usidhani ni heshima.

Nisalimie Mama na Dada Benadetha. Mama umwambie wewe, taratibu, akiwa ameketi.

Mwanao,
Kilian