Vitako Sitini vya Komanda

Kisangani, 6 Juni 1965

Mwanangu Madina,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo ulikuwa hivyo hivyo kabla sijafungwa, kwa hiyo tusiwasingizie askari. Goti la mama yako je? Huko Ubundu mnakula?

Barua hii imekuja ndani ya kopo la chakula la mjomba wako, tonton Hemedi. Yeye bado ni fundi wa breki kwenye treni, anafika huko kila Ijumaa na kurudi huku Jumamosi. Ukijibu, mpe yeye.

Unajua walivyonikamata: mwaka jana treni ya waasi ilipita, na mimi ndiye niliyekuwa zamu kituoni, nikageuza reli. Niliwaeleza kwamba kugeuza reli hakuna chama. Usipogeuza, treni inaanguka. Wakaandika: "Amekiri."

Bon, basi. Jumatatu komanda wa kambi alitupanga mstari. Ana sanduku la askari wa madini ya risasi, sitini, kila mmoja urefu wa kidole, wa kuchezea vita mezani. Mchezo huo aliusomea Ubelgiji pamoja na vita vyenyewe. Lakini vitako vyao vya kusimamia vimevunjika, wanaanguka kabla ya kupigwa. Akauliza: "Nani anajua kutengeneza socle, vitako hivi?" Nikakukumbuka wewe, ulivyokuwa ukimtengenezea yule enjenieri wa reli kabla ya uhuru. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Sasa nimetolewa kwenye chumba cha watu arobaini. Nakaa barazani, nalala stoo, nakula maharagwe. Lakini sijui hata pa kuanzia. Akigundua, narudi chumbani, na juzi lori lilichukua watu saba kutoka chumba kile. Lori limerudi tupu.

Nifundishe.

Papa yako,
Jafari

*

Ubundu, 11 Juni 1965

Papa,

Nakusalimia kwa heshima. Goti la mama linauma asubuhi tu. Tunakula sombe ya muhogo na samaki. Mama amelia, kisha akauliza kama maharagwe yana mafuta.

Umedanganya wewe, kazi nimepata mimi. Haya.

Kitako ni kibao cha duara, upana wa kifuniko cha chupa. Kata mti laini, mgumu utakupasukia. Msimamishe askari kwanza, ndipo umpe ardhi. Ukianza na ardhi ataonekana anaelea. Paka gundi pote isipokuwa viatu vyake. Omba mchanga wa mtoni, kule kwa wavuvi Wagenia, uuchekeche kwa kitambaa, umwagie, kisha uache. Siku nzima. Usiguse, papa, nakufahamu. Kesho yake gonga, ambao haukushika uanguke.

Paka rangi ya kahawia nzito. Ikikauka, chovya brashi kwenye rangi nyeupe kidogo, uipanguse kwenye kitambaa mpaka ikaribie kuisha, kisha upitishe juu juu, kama unayepangusa vumbi kwenye redio ya mtu mwingine. Itashika vichwa vya mchanga tu. Hapo ndipo udongo unafanana na udongo. Majani huwekwa mwisho: kuvu la kijani la ukutani, likaushwe.

Komanda akija, usishike brashi. Inua kitako, kitazame kwa mbali, fumba jicho moja. Enjenieri alifanya hivyo kila alipokuwa hajui.

Mtoto wako,
Madina

*

Kisangani, 27 Juni 1965

Mwanangu,

Nimepona homa ndogo. Natumaini ninyi hamjaugua.

Hukuniambia gundi ya nini. Nilipika ugali wa muhogo mwembamba, kama tulivyobandikia karatasi shuleni. Ulishika vizuri sana. Asubuhi ya tatu komanda alikuja na adjudant, msaidizi wake, kutazama jeshi. Askari kumi na wawili walikuwa wamelala chali, na ardhi yao inashuka mguu wa meza, punje moja moja, kwenye vichwa vya sisimizi waliojipanga mstari.

Komanda akawainamia sisimizi. "Hawa nao ni rebelles, waasi?"

Mlinzi, Faustin, akasema: "Hapana, komanda. Rebelle hana discipline hivi."

Komanda akacheka. Adjudant akacheka. Nikacheka na mimi, nyuma yao, kwa kipimo. Nikasema lilikuwa jaribio. Amenipa wiki mbili nimwonyeshe vya kwanza vinavyosimama, na hakucheka alipozitaja.

Nakutumia askari mmoja niliyempamba upya, unisahihishe.

Papa yako,
Jafari

*

Ubundu, 2 Julai 1965

Papa,

Pole na homa. Sisi hatujambo.

Ugali! Tonton Hemedi anakuletea gundi ya seremala kwenye chupa. Ipashe moto kabla ya kupaka.

Askari wako nimemwona. Mawe saba, majani, kijiti, mwiba wa samaki. Huyu anapigana au amefungua duka? Jiwe moja, upande mmoja. Na ukingo wa kitako uupake rangi moja safi, kahawia kwa jeshi hili, nyeusi kwa lile, ili wachezaji watambue nani wa nani.

Jambo lingine. Usikimbize kazi. Vitako vikiisha, wewe utakuwa nani hapo? Donc, kwa hiyo, vitano kwa juma, na kimoja kati ya hivyo ukiharibu.

Mtoto wako,
Madina

*

Kisangani, 22 Agosti 1965

Mwanangu Madina,

Nisamehe kimya. Nilikuwa na kazi. Mgongo umenyooka. Mama yako hajambo?

Vitano kwa juma vilinishinda: vitako arobaini na vinane vimesimama. Nasema bila kujisifu: adjudant aligusa kimoja kwa kidole akitafuta unyevu wa udongo. Siku hizi komanda mwenyewe anakaa nami saa nzima anajifunza. Mkono wake ni mzito, lakini anasikia. Namwambia "pangusa brashi," anapangusa.

Juzi karani wa kambi, Wenceslas, alinikuta natandika mkeka stoo. "Papa Jafari, unalala hapa kwa nini?"

"Si nimefungwa?"

Akaenda, akarudi na kitabu. Mwezi wa sita, ili stoo initolee maharagwe, alinihamisha kutoka orodha ya wafungwa kwenda ya wafanyakazi. "Wewe uko ouvrier. Ouvrier anarudia kwake saa kumi."

Faustin alikuwa mlangoni. "Siye tulizani bibi yako alikufukuza nyumbani."

Miezi miwili na nusu, mwanangu, nimejifunga mwenyewe.

Wenceslas ananishauri niondoke. Tarehe 6 Septemba anakuja komanda mpya, na orodha zitaandikwa upya kwa kufuata karatasi za kukamatwa. Mimi hapo nimekiri. Lakini vimebaki kumi na viwili, vya ukingo wa mto, na ndivyo vitakuwa vizuri kuliko vyote. Kuwaacha wale kumi na wawili bila ardhi itakuwa aibu. Nahesabu kumaliza tarehe 4, au 5.

Niambie, maji yanatengenezwaje?

Papa yako,
Jafari

*

Ubundu, 27 Agosti 1965

Papa,

Mama hajambo, isipokuwa sahani: niliposoma habari ya vile kumi na viwili, aliiachia ikavunjika.

Maji ni vanishi, tabaka tatu, kila moja siku yake. Mwambie komanda hivyo hivyo, kisha mpe brashi mkononi. Amejifunza, atamaliza. Akikosea, ni jeshi lake.

Barua hii utaipata kesho. Kesho hiyo hiyo, saa kumi, toka na wafanyakazi. Usiage. Usirudi kutazama kama gundi imekauka. Lala kwa tonton Hemedi mpaka Ijumaa, upande treni yake.

Swali lingine la vitako silijibu. Ijumaa mimi na mama tutakuwa kituoni. Tonton Hemedi akishuka na barua, nitamrudishia bila kuifungua.

Ashuke na wewe.

Mtoto wako,
Madina