Sehemu ya Tisa na Bado Hajasema

Jumatatu, 3 Februari

Saa kumi na nusu, alasiri imeshasaliwa. Mkeka, kofia, sindano, runinga. Sehemu ya tisa, na bado mwanamke hajasema.

Wakorea hawa wana maghorofa, wana treni zinazopita chini ya ardhi, lakini msichana wa duka la mikate hawezi kumwambia jirani yake kwamba anampenda. Sehemu tisa nzima! Jina lake halinikai kichwani. Namwita Maandazi. Jirani namwita Koti Refu, maana koti halivui hata akiwa jikoni. Leo Koti Refu kasimama mlangoni, kauliza kuna nini. Maandazi kainamisha kichwa. Kimya. Nikapiga ukelele: "Sema, wewe!"

Mama alikuwa papo hapo, kaipa runinga mgongo kama kawaida yake, anachambua mchele. "Mwanamke wa miaka thalathini na minne yuazungumza na kioo," akasema. Hakugeuka.

Afadhali hii wameitia sauti za Kiswahili. Ile ya Wachina ya kabla ya hii ilikuwa na maandishi chini, na kofia ya viua haishoniki kwa kusoma. Ukisoma, sindano inaingia kidoleni. Ukishona, mfalme anauawa na hujui kauawa na nani. Waliotia sauti hii wana lafudhi ya bara. Nimewasamehe.

Jumatano, 5 Februari

Nimechoka na huku kushikwa mikono. Niandike nipumue. Kila tamthilia lazima mwanamume amkamate mwanamke kifundo cha mkono na kumburura barabarani, na muziki unapigwa ili tujue ni mapenzi. Hivyo ndivyo anavyokamatwa mwizi wa kuku. Kadzo, anayetuletea mchicha na bamia kutoka Sabaki na kuketi hapa mpaka sehemu iishe, alisema mumewe amkokote hivyo siku moja tu, aone.

Mengine yanayonikera, nayaandika yote leo. Wahindi kuonyesha uso mmoja mara tatu kwa radi. Waturuki kutazamana mpaka chai inapoa. Wakorea kupoteza kumbukumbu kama mimi ninavyopoteza sindano. Na yule kijana wa pili, anayebeba mwavuli, anayeleta dawa, anayejua msichana hali kitunguu. Huyo kila mara huachwa. Aliyemtukana msichana sehemu ya kwanza ndiye anayepewa. Sijui ni nani huko Korea aliyeamua hivyo, lakini simwelewi.

Na bado natazama. Sitaacha.

Shangazi Rukia, dada wa marehemu baba, alipita. Kasema hao wanaume wa kwenye kioo ndio walionikalisha nyumbani bila mume. Nilimwambia hao wa kwenye kioo wakiingia ndani huuliza "umekula?" kabla ya kuuliza chakula kiko wapi. Akaondoka bila kumaliza kahawa. Sijutii.

Ijumaa, 7 Februari

Mwandiko wangu leo mbaya.

Kaka Salim alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Tangu baba afe yeye ndiye walii wangu, yeye ndiye wa kuniozesha. Shangazi kaja nyuma yake, kajifukiza udi. Udi ule ungenitosha kujua.

Kuna posa. Bwana Feisal wa Mambrui, mwenye duka la rangi na misumari. Mkewe alifariki, ana binti mmoja. Jibu linatakiwa leo leo, maana Ramadhani iko mlangoni na wao wataka nikaha ipite ndani ya Shaabani. "Wasemaje, Mwanaisha?" Mama, Salim na Shangazi wote wakanitazama.

Nilikasirika. Hasira ya kweli, mpaka masikio yakawa moto. Lile "leo leo" lilinikera. Ule udi ulinikera. Nilikuwa na maneno kumi, yote yakataka kutoka kwa mlango mmoja, yakakwama. Nikainamia kofia. Nikashona kiua kimoja, vibaya. Nikainuka, nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Kigelegele. Cha Shangazi. Kirefu.

Nikaelewa nikiwa nyuma ya mlango. Mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali. Haya zimemzuia kutamka. Kila mtoto wa mji huu aijua hiyo. Mimi pia naijua, tangu zamani.

Jumamosi, 8 Februari

Salim ameshapeleka jibu Mambrui. Nikaha Alhamisi ya tarehe ishirini.

Sikunyamaza kwa haya, nilinyamaza kwa hasira. Lakini kimya hakina rangi, nani atakijua? Mama jana alilia kwa furaha, akanishika kichwa kama mtoto. Nikashindwa. Nitasema kesho.

Jumapili, 9 Februari

Sikusema.

Jumatatu, 10 Februari

Sehemu ya kumi na moja. Koti Refu anahama mji. Kituo cha basi, mvua, mizigo. Maandazi kaja mbio na mfuko wa mikate. Kafika. Kasimama. Kamkabidhi mikate! Basi likaondoka. Nilimwita bubu, nilimwita gogo, nilimwita yote niliyokuwa nayo.

Kadzo alikuwa anafunga mafungu ya mchicha. Bila kuinua uso akaniuliza, kwa lile neno lao la ndugu, "Na wewe, mwenehu, ulisema?"

Kumbe! Habari imeshafika Sabaki. Nikamwambia yeye hajui mambo ya kwetu. Akasema ni kweli hajui. "Mimi niliulizwa, nikasema ndiyo kwa mdomo huu, na nilikosea vilevile. Lakini kosa ni langu, nimelizaa mwenyewe."

Nikamwambia achukue mchicha wake aende. Akaenda. Mchicha kauacha.

Nina hasira naye kwa sababu amesema kweli.

Jumatano, 12 Februari

Sehemu ya kumi na mbili sikuiona nusu yake. Shangazi aliizima, kasema bwana harusi hatapenda. Kisha akaishika kofia yangu, kasema hii ndiyo nitakayompa Feisal siku ya nikaha. Nikamwambia kofia ina mwenyewe, imeagizwa tangu Desemba na mzee wa Kilifi. Akasema mzee atangoja. Niliinyakua mkononi mwake. Hilo tu ndilo nililoweza.

Ubaya wa Feisal ni kwamba hana ubaya. Kwenye tamthilia mchumba asiyefaa hujulikana mapema, hucheka kwa upande mmoja wa mdomo na mamake huvaa lulu. Huyu mwaka jana nilinunua kwake rangi ya mlango. Alinibebea debe mpaka kwenye tuktuk, akasema, "Karibu tena." Ndiyo yote tunayojuana. Angekuwa mtu mbaya ningeshakataa siku ile ile, na wote wangenielewa. Sasa nikikataa nitaonekana sina akili.

Lakini sikutaka malaika. Nilitaka kuulizwa na mtu mwenye subira ya kungoja jibu.

Ijumaa, 14 Februari

Maduka ya mjini leo yamejaa vitu vyekundu. Shangazi kaleta singo, kanisugua mwenyewe. Nanukia bibi harusi. Sijasema.

Jumapili, 16 Februari

Nimesema. Niandike sawasawa, nisije nikajidanganya siku za mbele.

Niliwaita mwenyewe, baada ya alasiri. Mama na ungo wake, Salim, Shangazi. Nilisimama, maana nikikaa maneno yangekwama tena. Nikasema: "Sikukubali. Siku ile nilinyamaza kwa hasira. Leo nasema kwa mdomo. Sitaki kuolewa Alhamisi na mtu tusiyewahi kuzungumza." Sauti ilitetemeka. Nikaiacha itetemeke.

Salim kasema nimemvua nguo, watu ameshawapa neno. Hilo liliniuma, kwa sababu Salim si mtu mbaya pia. Shangazi kasema ni zile Korea.

"Ndizo," nikamwambia. "Sehemu kumi na mbili namtukana mwanamke asiyesema. Nitamtukanaje tena?"

Shangazi akapiga paja. Kasema haya ndiyo pambo la mwanamke, na wakubwa wangu wote walinyamaza wakaolewa wakakaa. Akamgeukia Mama. "Si wewe hapo? Hukuulizwa ukanyamaza? Hukukaa na ndugu yangu mpaka kufa? Mwambie mwanao!"

Mama akauweka ungo chini. Taratibu, punje isimwagike.

"Mimi nilikuwa na jino," akasema.

Hakuna aliyeelewa.

"Siku ile niliyoulizwa. Jino la mwisho, huku nyuma. Shavu limefura, nimebana karafuu, mdomo haufunuki. Wakasema, haya hizo. Na kigelegele, Rukia, ulikianza wewe."

Shangazi akavuta leso, akajifunika uso. Sikuwahi kuona hilo tangu nizaliwe.

Nikamuuliza Mama angejibu nini kama mdomo ungefunuka. Kafikiri. Kafikiri sana. "Sijui, mwanangu. Sikuulizwa tena." Akasema baba alikuwa mtu mwema, wiki ya pili alimpeleka mwenyewe jino likang'olewa, na hana la kumlaumu. "Lakini sikuulizwa tena," akarudia. Kisha akamtazama Salim. "Nenda Mambrui."

Salim akainuka. Kasema hata chuoni, kwenye Kurani, walisomeshwa, anayenyamaza kwa kuchukia hakutoa idhini, na yeye siku ile alipaswa kunitazama uso. Akavaa viatu.

Nikaingia bafuni. Nikajisugua mpaka harufu ya singo ikatoka.

Jumatatu, 17 Februari

Sehemu ya kumi na tatu. Mama yake Koti Refu kampa Maandazi bahasha ya pesa ili amwache mwanawe. Hii bahasha nimeiona tamthilia saba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuichukua, akasema ahsante, akafungua duka kubwa. Mimi ningeifikiria.

Nilitazama peke yangu. Kadzo hakuja.

Jumanne, 18 Februari

Salim ameniambia yote yaliyokuwa Mambrui. Feisal alisikiliza mpaka mwisho. Uso ulimwiva. Kisha kasema afadhali nimesema leo kuliko Ijumaa tukiwa ndani ya nyumba moja, akampa Salim maji ya kunywa. Nilimhurumia. Naandika hilo kwa sababu ni kweli: nilimhurumia, na bado sijutii.

Shangazi katuma neno kwamba mguu wake hautakanyaga hapa. Mtaani wanasema filamu zimenitia wazimu. Mmoja aliniambia dukani, machoni mwangu, kwamba nimejifungia mlango wa mwisho. Nikamwambia mlango nimeufunga, nimeutia na komeo, na saa kumi na nusu ana ruhusa ya kuja kutazama nami. Waseme. Wao angalau wanasema.

Jumatano, 19 Februari

Nilikwenda sokoni mwenyewe kumtafuta Kadzo. Nilimkuta kwenye bamia zake. Nikamwomba radhi mbele ya watu. Kasema ameshasahau, lakini mchicha ule nilipe. Nikalipa. Saa kumi na nusu alikuwa mkekani, anamlaumu Koti Refu kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Jumatano, 26 Februari

Sehemu ya mwisho.

Kabla haijaanza Mama aliniambia nimgeuzie kiti. Nikadhani jua linamchoma. Kasema hapana, ataka kuona. Miaka yote hii ameisikia runinga kwa mgongo. Kumbe anawajua wote, hata kijana wa pili. Kasema huyo ndiye angefaa.

Maandazi kasema. Dakika ya mwisho kabisa, juu ya daraja, mvua inanyesha na mwavuli hana. Sauti ilimkatika katikati. Kadzo akapiga makofi. Mama kasema, "Kachelewa, maskini," akajifuta jicho kwa pembe ya leso. Maoni yangu: sehemu kumi na sita ni nyingi mno, na harusi ya mwisho ilikuwa fupi, chakula hakikuonyeshwa. Lakini alisema. Simtukani tena.

Kadzo akaenda zake. Nikazima runinga. Nyumba kimya. Mama akaurudia mchele, wa vunja jungu, ule mlo wa mwisho kabla ya Ramadhani. Kachambua kidogo mwaka huu. Shangazi haji, na Salim atakula kwa wakwe zake. Kofia ya mzee wa Kilifi imebaki mstari mmoja.

"Na wewe wataka nini, Mwanaisha?" Mama akauliza.

Nikashona kiua kimoja. Yeye kaacha mchele, kanitazama. Cha pili. Hakunijibia. Cha tatu, na bado anangoja.

Nikamwambia sijui bado.

"Vyema," akasema, akauvuta ungo. "Nitakuuliza tena."