Nilivyoimba Chakol na Kutaja Jina Langu

Mulembe, dada Nafula,

Mama anakusalimia, na majirani wa hapa Busia wanauliza kila siku huko Uarabuni wanakulisha nini mpaka uso umejaa hivyo kwenye picha. Mimi sijambo. Leo ni zaidi ya sijambo, ndiyo maana nimezima mashine ya muziki mchana huu nikuandikie barua. Kuna jambo lilitokea Chakol ambalo nimejaribu kukutumia kwa ujumbe mara tatu, nikafuta mara tatu. Haliingii kwenye ujumbe. Vumilia nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunalinda dagaa za omena Port Victoria? Mama alizianika kwenye neti, akatuachia chupa ya maji na fimbo mbili, tukashinda pale tunafukuza ndege mpaka jua lipungue makali. Wewe ulitumia fimbo. Mimi niliimba. Nilitunga chochote kilichonijia, nawatukana kunguru kwa wimbo, nawatajia baba zao na mama zao. Siku moja uliacha kukimbia, ukasimama unaniangalia na fimbo mkononi, ukasema, "Wandera, ukiimba hukwami hata mara moja." Nilikuwa nalijua hilo. Nilichokuwa sijui ni kama kuna mtu mwingine aliyeliona.

Kwa maneno ya kawaida nilikwama kila mahali. Jina langu ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Mtu akiniuliza naitwa nani, midomo inajifunga, shingo inakaza, na yeye anaanza kuangalia viatu vyake kwa aibu. Basi wewe ukawa mdomo wangu. Kliniki, dukani, kanisani, wewe ndiye uliyejibu. "Anasema anaumwa sikio la kushoto." "Anasema si yeye aliyevunja." Mara nyingi ulipatia hata kabla mimi mwenyewe sijajua nataka kusema nini. Na wale wavulana waliokuwa wananiiga, dada, yule mrefu bado ana alama ya meno yako mkononi. Anaendesha boda boda hapa mpakani. Juzi alinibeba, akaniuliza, "Dada yako alirudi?" halafu akageuka nyuma kuhakikisha.

Ila kuna siku moja sijawahi kukuambia. Mwalimu wa kwaya alikuja darasani kwetu kutafuta sauti za watoto. Alikuwa amesikia kwamba kuna mtoto wa muuza omena anayeimba. Akaniuliza mbele ya wote kama nataka kuingia kwaya. Nikaanza, "Na... na... na..." Wenzangu wakaanza kucheka. Wewe ulikuwa unapita na ndoo ya maji, ukachungulia dirishani, ukasema, "Hataki, mwalimu. Anaogopa watu." Mwalimu akanipigapiga begani, akaenda kwa mwingine. Jioni ukanipa nusu ya muwa wako. Ulidhani umeniokoa. Mimi nilikuwa namalizia neno "nataka".

Sikukasirika. Nilikuwa mdogo, na muwa ulikuwa mtamu. Lakini tangu siku ile nilianza kuimba pale tu ambapo hakuna mtu.

Mengine unayajua. Unajua nilivyomaliza shule nikapata kazi ya utaniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori, na jinsi kazi yenyewe ilivyokwisha wiki ya pili. Dereva anarudi nyuma kwenye yadi, mimi niko nyuma namwelekeza, na ninachotakiwa kusema ni "simama" tu. Neno moja. Nilipolimaliza, lori lilikuwa limeshaingia kwenye ukuta wa choo, na mzee mmoja ametoka ndani ameshika suruali kwa mikono miwili. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanishika mkono, ukanipeleka kwa yule mama mwenye duka la kuweka nyimbo kwenye simu, ukamwambia, "Anasema ataanza Jumatatu." Nikaanza Jumatatu. Pale kazi ilikuwa nzuri kwangu. Mteja anaandika nyimbo zake kwenye karatasi, namwekea, anaenda.

Halafu ukasafiri. Sijui kama nilikuambia kwamba baada ya basi lako kuondoka nilikaa siku tatu bila kutoa neno kwa mtu. Mama alidhani nimeugua. Sikuugua. Nilikuwa nasubiri mtu anijibie, na hakuna aliyejibu.

U-DJ niliuanza kwa sababu ni kazi ya mikono. Ulipotuma ile mashine niliona nimepona: nitawachezesha watu wa Busia na Malaba nzima bila kufungua mdomo. Nikampata Okisai wa Malaba awe MC wangu. Hujamwona bado. Ni Mteso mfupi mwenye koti la bluu, anaongea kama mtu aliyelipia maneno na anaogopa yatabaki. Tukaelewana haraka. Yeye mdomo, mimi mikono. Arusi, sherehe za shule, ufunguzi wa maduka, kote tulienda hivyo, na watu wengi walidhani mimi ni bubu. Sikuwasahihisha.

Lakini nyuma ya mashine, dada, nilikuwa naimba. Maiki imezimwa, biti inapiga, nami naimba juu yake maneno yangu mwenyewe, na hakuna anayesikia kwa kelele za spika. Okisai alinigundua siku tunajaribu vyombo kwenye ukumbi mmoja Malaba. Alikuwa ameenda kunywa chai, nikajua niko peke yangu, nikawasha maiki. Niligeuka nikamkuta mlangoni na mandazi mkononi.

"Boss, hii rekodi ni ya nani?"

Nikajigusa kifua.

Alicheka, akadhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka. "Tangu lini? Mimi nakauka koo kila Jumamosi, na wewe uko na hiyo sauti umeificha?"

Nilichukua simu nikamwandikia: *Nitaimba, lakini nipe muda.*

Nikajifunza chumbani. Nilichagua nyimbo ambazo watu wanazijua miguuni, nikaondoa sauti ya mwimbaji ikabaki ngoma na gitaa, kisha nikaweka maneno yangu juu. Kuimba peke yake ni rahisi. Kuimba huku mkono mmoja unaleta wimbo unaofuata na sikio moja linasikiliza mwingine, hiyo ndiyo kazi. Mara ngapi nimeharibu, sijui. Ukuta wangu unapakana na chumba wanacholala madereva wa malori mchana wakisubiri karatasi zao za mpakani. Nilijua watalalamika. Siku moja dereva mmoja wa Mombasa akabisha mlango, macho mekundu kwa usingizi, nikajiandaa kutukanwa. Akasema, "Kaka, ule wa bibi harusi, urudie taratibu. Huo unanilaza vizuri." Nikaurudia. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kwanza kuniomba wimbo.

Basi Chakol. Ilikuwa arusi ya mchana, msichana wa Kiteso anaolewa na kijana wa kwetu Samia. Hema mbili zinatazamana, wakwe huku na wakwe kule, na katikati ule ukimya wa watu waliovaa nguo mpya na hawajazoeana. Asubuhi nilimwandikia Okisai: *Leo, bibi harusi akitoka.* Akasoma, akanishika bega. "Na ukikwama?"

"Ni... nikiimba sikwami," nikamwambia. Kwa mdomo. Hata yeye alishtuka.

Alipotangaza kwamba bibi harusi anatoka, nilishusha wimbo ikabaki ngoma tu. Nikawasha maiki. Nikaimba:

*Inua uso, bibi harusi,
waliokungoja ni hawa hapa,
wa mtoni na wa ziwani,
leo wote ni wa kwenu.*

Kwanza watu walitazama spika. Walidhani ni kanda. Halafu mama mmoja wa upande wa Kiteso akaniona mdomo unaenda, akamgusa mwenzake, na nikaona vichwa vinageuka kimoja baada ya kingine. Bibi harusi akainua uso kweli. Nilipotaja wa ziwani, akina mama wa kwetu wakapiga vigelegele, na wale wa upande wa pili wakajibu, wakatoka kwenye hema lao wakicheza, na wetu wakatoka pia, wakakutana katikati. Nafula, ni mimi niliyewatoa kwenye viti. Ni sauti hii. Nikiandika hapa bado nasikia joto kifuani.

Wimbo ulipoisha, baba wa bibi harusi akaja mpaka kwenye meza yangu, fimbo mkononi, akamwomba Okisai maiki.

"Nataka kumshukuru kijana huyu," akasema, "lakini siwezi kushukuru mtu bila jina. Kijana, unaitwa nani?" Akaniwekea maiki mdomoni.

Okisai aliona shingo yangu, akajua. Akanyoosha mkono. "Mzee, huyu anaitwa..."

Nilimshika kifundo cha mkono. Sijui niliamua saa ngapi. Niliwaza kuliimba jina. Ngoma ilikuwa bado inapiga chini chini, lingetoka laini kama mafuta na hakuna ambaye angejua. Lakini mzee ameniuliza kwa heshima, na mimi nilitaka kumjibu kama watu wanavyojibu. Nikaizima ngoma kabisa.

"Wa," nikasema. "Wa... wa..."

Ikakwama pale pale inapokwamaga. Mtu akacheka nyuma. Mwanamke mmoja akamwambia, "Nyamaza wewe." Mzee hakuangalia viatu. Hakunimalizia. Alisimama tu na maiki, ananitazama usoni, kana kwamba hana pengine pa kwenda siku hiyo.

"Wandera," nikasema. "Wandera wa P... wa Port Victoria."

"Wandera," akasema mzee polepole, ili limkae vizuri mdomoni. "Eyalama noi, Wandera." Akanipa mikono yote miwili. Eyalama noi ndiyo asante sana ya Kiteso, nami sijawahi kupewa nyingine nzito kama hiyo.

Siku hizi wakinitafuta husema, "Tunataka yule DJ anayeimba." Okisai bado ni MC wangu, ila sasa ananilalamikia kwamba nimemnyang'anya kazi, huku anatabasamu. Bado nakwama, usidhani nimepona. Jana nimekwama mbele ya muuza nyanya mpaka akaniongezea moja. Lakini sikwepi tena. Mama alipata video ya arusi ile kwa mtu wa Chakol. Haangalii sehemu ya wimbo. Anapeleka mbele mpaka pale pa jina, anatazama, anarudisha nyuma, anatazama tena.

Habari ya kwaya nimekuambia ili ujue tu, si kukulaumu. Uliniongelea miaka yote ile bila kuchoka, na nisingefika kwenye meza ile Chakol kama usingenishika mkono kunipeleka kwenye duka la nyimbo. Najivunia mimi, dada, nalisema bila aibu. Na ninapojivunia mimi, najivunia pia aliyenilelea mdomo wangu mpaka nikaja kuuchukua.

Desemba ukija likizo, nitakuja Nairobi kukupokea uwanja wa ndege. Utakuwa umechoka. Dereva wa teksi atageuka kutuuliza tunaenda wapi, na najua utafungua mdomo kabla yangu. Usijibu. Angalia dirishani, nami nitamwambia.

Kazi njema huko, na Mungu akulinde.

Mimi mdogo wako,
Wandera