Meza iliyomfika Mama kidevuni

Koboko, Jumamosi, Machi 1988

Kosa ni langu. Meza niliipima kwa kimo changu, nikamsahau yule ninayemtengenezea.

Tangu Mama aumie goti hawezi tena kuketi mkekani. Hula peke yake kwenye kiti karibu na mlango, sahani mapajani, na sisi huku chini tunaona haya. Ndiyo maana nikanunua mbao za mtiki mjini Arua, nikazipiga randa mwenyewe uani wiki tatu nzima.

Leo mchana tuliiingiza ndani. Mama akakaa, meza ikamfika kidevuni.

"Mutoto yangu, hii iko meza ao iko ukuta?"

Mke wangu Amina alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilinuna. Kisha nikachukua msumeno, nikapunguza kila mguu shibiri moja. Nikikosea, mbao nyingine sina.

Bado inayumba kidogo. Lakini jioni tulikula wote pamoja, na Mama akanyoosha mkono mpaka kwenye sahani yangu, akachukua kipande kikubwa cha samaki bila kuomba.

"Kula haraka," akaniambia. "Sasa mimi iko karibu."