Mfuko Uliokuwa Ukimpa Papa Kwenye Kona

Mama,

Ningeanza na salamu, nikuulize kama huko uliko kuna baridi kama ya Lubero, lakini nina kichefuchefu na sitaki kukudanganya. Tangu Jumanne chakula hakishuki. Si mimba, usianze kufurahi. Ni Papa.

Hotuba ya kilio chako hukuisikia, kwa hiyo nianzie hapo. Baba mudogo, yule mdogo wake Papa, alisimama na lile koti lake la arusi na mazishi, akatangaza: "Huyu mama alikuwa na bahati. Bwana yake alimulisha mupaka mwisho." Watu wakakubali kwa vichwa. Wenzako wa soko, wale mliokuwa mnapanda pamoja lori la viazi kutoka Lubero, waliangalia chini wakakaza vikwembe vyao kiunoni. Papa naye akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepewa haki yake. Nilikuwa nimeshika sahani ya majani ya sombe. Nilitamani kuitupa. Nikanyamaza, maana wewe ndiye uliyenifundisha kunyamaza.

Unakumbuka? Nilikuwa na miaka kumi, nimetumwa chumvi. Nikawakuta kwenye kona ya mashine ya kusaga, wewe na Papa. Yeye alikuwa ameegemea ukuta. Ulitoa mfuko ndani ya kitunga chako, samaki wa chumvi, makayabo, na mafuta na sabuni, ukampa. Akaupokea, akakohoa, akatangulia nyumbani. Wewe ukabaki nyuma umeinama, unajifanya unafunga kiatu. Ulikuwa umevaa ndala, Mama. Ndala hazifungwi.

Nilipofika nyumbani wadogo zangu walikuwa tayari wanaruka, na Papa amesimama katikati na mfuko juu. "Nani analisha batoto hapa?" Nao: "Ni Papa!" Ukaingia mikono mitupu, ukaitikia pamoja nao. Makofi hata ulipiga. Usiku ule ule, karibu na moto, uliniambia bila kunitazama: "Kavira, funga kinywa. Mwanaume akibakia mikono bule, ndo nyumba inakufa."

Nikafunga. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu. Yako ilikuwa ndefu: kila siku ya Mungu kutoka sokoni mpaka kwenye kona, miaka kumi na mitano, na ule mgongo wako.

Najua ilianzia wapi. Papa alikuwa na kakao yake upande wa Beni, na wakati ule alitulisha kweli, nilikula jasho lake na silikani. Kisha watu wakaanza kuuawa mashambani, tukakimbilia Butembo na godoro moja na sufuria mbili. Kupoteza shamba simlaumu. Wengine walipoteza watu. Namlaumu kwa miaka yote iliyofuata. Angeweza kukubebea hata gunia moja la viazi. Angeweza kuwasha makala jikoni kabla hujarudi. Aliona haya kushika mwiko, lakini hakuona haya kushika mfuko wako.

Sasa sikia habari za nyumbani kwako. Papa ameleta mwanamke, anaitwa Mama Zawadi, anauza maharagwe. Hakuna mbuzi, hakuna padri. Alikuja na sufuria yake akakaa. Na huyu ndiye Papa aliyekataa miaka mitatu kukanyaga kwangu kwa sababu ninakaa na Kasereka bila ndoa! "Mambo ya yaka tofanda, ya njoo tukae tu, ni ya basoda ba bunduki," alikuwa akisema, na mdomo ameukunja. Leo mdomo umekunjuka.

Lakini Mama Zawadi hajui habari za kona. Anaingia mchana kweupe na kitunga kichwani, anakitua mbele ya majirani, anasema, "Nimeleta." Siku Papa aliposimama uani na lile swali lake la nani analisha, alimjibu: "Ni mimi. Na makala imeisha." Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashika mbavu. Samahani. Nilicheka kwa ajili yako.

Kicheko kilikufa Jumanne. Papa alikuja sokoni, akakaa juu ya gunia kwenye meza yangu, ile iliyokuwa yako. Akasifu viazi. Akasifu hata mizani. Halafu akasema: "Kavira, ule mama hana na heshima sawa mama yako. Ukipita kwa mashine saa kumi na moja, unipatie tu ka kitu mu mufuko. Mi nitaingia nako."

Hakuinamisha hata macho. Alikuja kuniajiri mahali pako, Mama, kama vile ulistaafu. Mteja alikuwa anasubiri, nikampimia viazi mara mbili bila kujua ninachofanya.

Nilirudi nyumbani namchukia barabara nzima. Nikafungua mlango wa uzio, na kitu cha kwanza kilichoniangalia kilikuwa mbuzi. Wako wanne nyuma ya jiko, wanakula maganda ya viazi. Chakula cha jioni ile sikukigusa.

Wajomba wa Kasereka wanakuja Jumapili kwa Papa kunitolea mahari rasmi. Kasereka unamfahamu: mwalimu, mpole, anacheka na meno yote, na mshahara wake unakuja Serikali ikimkumbuka. Wale mbuzi watakaoletwa kwa jina lake nimewanunua mimi, kwenye soko la Vuhovi, kwa pesa ya viazi vyangu. Hakuniomba. Mimi mwenyewe nilimwambia: tutasema umewatoa kwa shangazi yako. Nilisema kwa sauti yako, Mama. Hakuna aliyenituma. Nimejioa kwa siri, halafu nataka kumpigia mwanaume makofi. Papa ananichukiza, na mimi najichukiza zaidi, maana yeye alipoteza shamba. Mimi sijapoteza kitu.

Na wewe pia umenichukiza kidogo. Nimeisema, nisamehe. Uliokoa heshima ya mtu mmoja, ukatuachia sisi mabinti huo mgongo wa kuinama. Leo natamani ungekuwa hapa nikugombeze, kisha nikuoshee miguu.

Jana, Alhamisi, nilipita kwa mashine saa kumi na moja. Alikuwepo, ameegemea ukuta ule ule, nguo zote zimejaa unga. Nilikuwa na kilo mbili za nyama. Nilimnyooshea kishikio kimoja cha mfuko, kingine nikabaki nacho. Nikamwambia: "Papa, shika huku, tuingie bote babili." Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, wale waliopanga foleni na mahindi yao. Akaficha mikono mifukoni mwa suruali.

Nikaingia peke yangu. Nikampa Mama Zawadi mfuko mbele ya majirani, nikasema, "Nimeleta." Papa alifika nyama ilipoiva. Akanawa, akakaa kwenye kiti chake, akala. Alikula vizuri, Mama. Hata mfupa aliunyonya.

Kasereka nimemwambia leo asubuhi: mbuzi tutawaongoza mimi na yeye, kila mtu na kamba zake, na wakiuliza nani ameleta, tutasema ni sisi. Akauliza: "Lakini bakubwa batasema nini?" Kisha akaenda shuleni bila chai. Nampenda, ndiyo shida. Naogopa Jumapili ataniacha na kamba zote nne. Naogopa zaidi kwamba atakuja akitabasamu, atangulie na mbuzi wangu, na mimi nimpishe.

Kwa hiyo nakuahidi wewe, kwa kuwa wewe huwezi kuniambia nifunge kinywa. Jumapili nitatoka na mbuzi. Kasereka akiwepo, atatembea kando yangu. Asipokuwepo, nitawarudisha wakale maganda, na nitalia, na Jumatatu nitauza viazi. Nikizaa binti, ataona nani analeta mfuko, kila siku, mpaka achoke kuona.

Pumzisha mgongo, Mama. Nitapita kwenye ile kona na ndala zangu, na sitainama kuzifunga.

Binti yako,
Kavira