Gari Linalogoma Njia ya Bardi

Fidenza, 4 Mei 1987

Shangazi mpendwa,

Habari za huko monasterini? Goti linaendeleaje? Huku sote wazima, isipokuwa gari. Bado tunaliita lako, ingawa uliliacha kwenye gereji ya babu siku ulipoingia utawa, miaka ishirini na minane iliyopita. Tumeonana mara mbili tu, tena kupitia nondo za chumba cha wageni, lakini kila mtu ananiambia fundi wa ukoo huu ni wewe.

Linawaka vizuri. Linapanda njia ya Bardi likiimba. Ikifika dakika ya ishirini, linazimika. Nikingoja robo saa, linawaka tena kama halijafanya kitu. Mafundi wawili wamebadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta. Mchumba wangu Loredana amerudi kwa miguu mara tatu, na viatu vyake vya visigino. Amesema mara ya nne atatembea moja kwa moja hadi kwa mama yake.

Baba hataki hata kufungua boneti. "Aliyeliacha ndiye alitengeneze," anasema, kisha anarudi kwenye gazeti lake.

Mwanao,
Tiziano

Bedonia, 11 Mei

Mwanangu Tiziano,

Amani iwe kwako. Goti linagoma kila nikitaka kusali. Nadhani limeingia ukomunisti.

Mama Mkuu husoma barua zetu kwanza. Aliniita akaniuliza plagi ni nini. Nikamwambia ni kitu kinachotoa cheche ili moto uwake. Akasema hapa tungehitaji kadhaa.

Sasa nijibu. Linazimika ghafla kama taa, au linakohoa kwanza? Na mwaka huu umelifungia kitu gani kipya? Usiniambie hakuna. Wanaume wa ukoo wetu hawawezi kuliacha gari lilivyo.

Msalimie kaka yangu Oreste. Akikataa salamu, mwachie mezani.

Shangazi yako,
Sista Ersilia

Fidenza, 15 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole na hilo goti. Linakohoa, linakwama kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki, ndipo linazima.

Vipya ni hivi: usukani wa ngozi, taa za ukungu, na kifuniko cha tangi la mafuta kinachong'aa, cha kufungwa kwa ufunguo. Kizuri mno!

Salamu nilifikisha. Baba alisema, "Mm." Mama anasema hiyo kwake ni hotuba.

Fanya haraka tafadhali. Kuna daktari wa meno wa Parma anakuja Jumamosi tarehe 30 kulinunua, na Loredana yuko upande wa daktari.

Mwanao,
Tiziano

Bedonia, 20 Mei

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Nilisoma barua yako kwenye chumba cha chakula, tunapokula kimya. Nilipofika kwenye "kizuri mno" nikacheka kwa sauti. Nimepewa adhabu ya kumenya vitunguu wiki nzima, kwa hiyo nakuandikia huku machozi yananitoka.

Boneti iache. Likizima tena, fungua kifuniko cha tangi polepole, utege sikio. Tangi likivuta hewa kwa nguvu, ugonjwa ndio huo. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie, la sivyo pampu inavuta mpaka inashindwa. Kifuniko cha zamani kilikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano. Hicho chako kizuri nadhani hakina.

Shangazi yako,
Ersilia

Fidenza, 8 Juni

Shangazi mpendwa,

Natumaini hujambo baada ya jana. Yaliyotokea upande wako wa nondo unayajua. Acha nikuambie ya upande wetu.

Kwanza kifuniko. Gari lilizimika kule juu ya Varano. Loredana alishaanza kuvua viatu. Nikamwomba asikilize kidogo tu, nikazungusha ufunguo. Fyuuu! Kama babu akinywa mchuzi wa moto. Loredana akacheka mpaka akakaa chini barabarani. "Yaani nimetembea vilima vyote hivi kwa ajili ya kifuniko?" Nimerudisha cha zamani, na halijagoma tena. Daktari wa meno alirudi Parma kwa treni.

Jana asubuhi Baba akasema anataka "kulijaribu kidogo tu." Alikuwa amevaa tai. Akaendesha moja kwa moja hadi langoni kwenu, halafu akakataa kushuka, injini ikinguruma.

"Nenda wewe kamsalimie. Mimi nalinda gari."

"Unalilinda dhidi ya nani, Baba? Dhidi ya watawa?"

Ndipo sista wa mlangoni akatoka na ujumbe wako, akiukariri kama sala: "Sista Ersilia anasema valvu ya silinda ya tatu inagonga, na anayeendesha hata hasikii."

Baba akawa mwekundu kuliko gari. "Mimi? Mimi sisikii? Mimi niliyeachiwa gereji nzima bila hata kuagwa?" Akazima injini, akaingia.

Nilikaa nje saa nzima. Nilimsikia yeye akifoka, nikakusikia wewe ukicheka, baadaye sikumsikia yeyote. Alitoka macho mekundu, tai iko mfukoni.

Tukafika Varsi, njiani kurudi. Hapo akasema, "Ni ya tatu kweli. Amepatia."

Tukaenda kilomita nyingine kumi.

"Siku ya wageni ni Jumapili ya ngapi?"

"Ya kwanza ya mwezi, Baba."

"Ya kwanza tu?" akasema. "Mbali hivyo?"

Mwanao,
Tiziano